Kukopa Kiunoni, Kulipa Gokoni: Vipandikizi vya Mfupa na Kazi Zake

Mpwa wangu alikuwa amemaliza miezi minane akiwa na antena mguuni. Aliyewahi kuuguza mtu kwenye wodi ya mifupa anajua ninachosema: vile vyuma vya nje vinavyotoboa ngozi na kuushika mfupa, hata ukimwona mgonjwa kwa mbali unadhani mguu wake unatafuta stesheni ya redio. Goko lilivunjika kwenye ajali ya bodaboda, vipande vya mfupa vikabaki barabarani, kidonda kikachimba. Kidonda kilipona. Mfupa ukagoma. Kwenye eksirei palikuwa na pengo jeusi la upana wa vidole viwili, na ncha za mfupa juu na chini yake zimeviringana kama kijiti kilichosuguliwa na mawimbi. Hapo ndipo daktari alipotaja upandikizaji wa mfupa.

Bibi yake, aliyekuwa kimya muda wote akivuta tasbihi, akauliza swali tulilokuwa tumelimeza sote: "Daktari, mwanangu, huo mfupa mnautoa kwa maiti gani?"

"Kwa huyuhuyu, bibi. Tunakopa kiunoni, tunalipa gokoni."

Bibi alitulia. Mimi ndiyo kwanza nikaanza kujiuliza. Kwa nini kiunoni na si kwingine? Na kama mtu anaweza kujikopesha, mbona madaktari wa meno hutumia mfupa wa ng'ombe, Ulaya wana majokofu ya mifupa ya watu, na wengine wanazungumzia matumbawe?

Kosa la kwanza tunalofanya wengi ni kudhani kipandikizi ni spea, kama fundi anavyotoa gia mbovu na kuweka nzima. Mfupa ulio hai hubomolewa na kujengwa upya kila siku. Zipo seli zinazoula na zipo zinazoujenga, na kazi hiyo haisimami hata ukiwa umelala. Kipandikizi kikiwekwa penye pengo, mishipa midogo ya damu hujipenyeza ndani yake, seli za kula hukimega kidogo kidogo, na nyuma yao zile za kujenga huweka mfupa mpya. Mambo yakienda vizuri, baadaye kilichopo pale si kile kilichowekwa tena. Ni mfupa wa mwenyewe. Ndiyo maana kuuliza nyenzo ipi ni ngumu zaidi hakufiki mbali. La kuuliza ni ipi inayousaidia mwili kujijengea.

Pita kwenye ghorofa linalojengwa. Kuna mirunda iliyofungwa kuzunguka ukuta ili watu wapande. Kuna mafundi. Na kuna msimamizi mwenye simu anayewaita mafundi waje kazini. Kipandikizi cha mfupa hupimwa kwa mambo hayo matatu. Je, kina matundu na kuta za seli kupandia? Je, kinaleta seli hai zenye uwezo wa kujenga? Je, kina protini za kuziita seli za jirani na kuziamuru zigeuke kuwa za kujenga mfupa? Nyenzo nyingi zinazouzwa kwa bei kubwa ni mirunda mitupu. Mfupa wa mtu mwenyewe huleta vyote vitatu, na huo ndio msingi wa jibu la yule daktari.

Kwa nini kiunoni, basi? Mfupa una sura mbili. Ganda la nje ni gumu na limeshikana. Ndani kuna mfupa wenye vitundu kama sifongo, uliojaa uboho. Ukishika nyonga yako pale mkanda unapokaa, utagusa ukingo wa mfupa mpana ambao ndani yake kuna hazina kubwa ya mfupa huo wa sifongo, na ukingo wenyewe uko karibu na ngozi. Mpasuaji hukata ngozi sentimita chache, hufungua ganda kama kifuniko, kisha huchota kwa kijiko chenye ukingo mkali. Kinachotoka hakifanani hata kidogo na mfupa tunaoujua wa supu. Ni punje laini, nyekundu, zenye unyevunyevu, kama chicha za nazi zilizomwagiwa damu. Hukusanywa kwenye kibakuli cha chuma na kufunikwa na shashi iliyoloweshwa, maana zikiachwa zikauke chini ya taa za chumba cha upasuaji seli zake hufa na faida yote hupotea.

Kiasi chenyewe si kikubwa. Upande wa mbele wa nyonga hutoa kijiko kimoja au viwili vya chakula. Nyuma hupatikana zaidi. Na deni lina riba. Wagonjwa wengi hukwambia kiuno kiliwauma kuliko mguu wenyewe, na wachache hubaki na maumivu hayo kwa miezi. Ukingoni mwa nyonga hupita mshipa wa fahamu unaohudumia ngozi ya ubavuni mwa paja. Ukiguswa vibaya, paja huwa na ganzi au huwaka kama limepakwa pilipili. Mtoto mdogo au mzee mwenye mifupa iliyopungua hana cha kutosha kukopesha. Hapo ndipo safari ya kutafuta mfupa kwingine ilipoanzia, nayo ni ndefu kuliko nilivyodhani.

Kabla hatujatoka nje ya mwili wa mgonjwa, kuna aina moja ya kujikopesha inayostahili kutazamwa. Punje za kiunoni zinafaa kwa pengo dogo. Pengo likizidi sentimita tano au sita hivi, punje za katikati huwa mbali mno na damu. Hufa kabla mishipa haijazifikia. Mwaka 1975 mpasuaji wa Australia, Ian Taylor, alieleza jinsi alivyohamisha mfupa mwembamba wa mguu, ule unaopita kando ya goko, pamoja na mshipa wake wa ateri na wa vena, kisha akaishona mishipa hiyo kwa hadubini kwenye mishipa ya mahali papya. Mfupa unafika ukiwa hai, damu inapita siku hiyohiyo. Mtu anaweza kutolewa zaidi ya sentimita 20 za mfupa huo na bado akatembea, mradi kipande cha chini kinachoshika kifundo cha mguu kiachwe.

Mwaka 1989 David Hidalgo wa Marekani alionyesha kwamba mfupa huohuo unaweza kukatwakatwa na kukunjwa ukawa taya. Habari hiyo inatugusa huku kwetu. Kuna uvimbe wa taya unaoitwa ameloblastoma, si saratani lakini haukomi kukua, na madaktari wa kinywa wa Afrika Mashariki hupokea wagonjwa waliokaa nao miaka hadi uso ukapinda. Dawa yake mara nyingi ni kuukata pamoja na sehemu ya taya. Mgonjwa anayetembea leo kwa miguu miwili na kutafuna kwa taya iliyotoka mguuni si hadithi. Lakini operesheni hiyo inataka hadubini, timu mbili na saa nyingi, kwa hiyo pengine mgonjwa hupewa bamba la chuma tu, au mfupa wa kiunoni usio na mishipa, na kuombewa heri.

Sasa tutoke nje. Mwaka 1880, mjini Glasgow, mpasuaji William Macewen alikuwa akimtibu mtoto mdogo ambaye mfupa wa mkono wake wa juu ulikuwa umeoza kwa usaha. Wakati huohuo alikuwa akiwanyoosha watoto wengine miguu iliyopinda kwa matege, na kila mara alikata vipande vya mifupa yao. Badala ya kuvitupa, alivipanda kwenye mkono wa yule mtoto, kidogo kidogo, kwa awamu. Mkono ukaota mfupa. Hiyo huhesabiwa kuwa mara ya kwanza mfupa wa mtu mmoja kufanya kazi kwa mwingine.

Wazo halijabadilika sana. Mtu anayewekewa nyonga bandia huondolewa kichwa cha fupa la paja, kile kitufe cha duara kinachozunguka ndani ya nyonga, na kichwa hicho badala ya kwenda kwenye ndoo ya taka huweza kuhifadhiwa. Mifupa mingine hutoka kwa wafu walioridhia wakiwa hai, au ambao ndugu zao wameridhia. Jeshi la majini la Marekani lilianzisha benki yake ya tishu mwaka 1949 huko Bethesda, na benki za namna hiyo zikaenea. Mfupa huhifadhiwa kwenye baridi ya nyuzi 80 chini ya sifuri, au hukaushwa kabisa na kufungwa kwenye pakiti, mara nyingi baada ya kupigwa mionzi ya gama kuua vijidudu.

Hapa pana mvutano ambao hauna suluhisho kamili. Kadiri unavyousafisha mfupa, ndivyo unavyoua kilichokuwa na faida ndani yake. Mionzi ikizidi mfupa unakuwa mkavu na mwepesi kuvunjika. Usiposafisha, unahamisha magonjwa. Mwaka 1985 nchini Marekani mtu mmoja aliyekufa kwa risasi alichangia viungo na tishu. Kipimo cha virusi vya UKIMWI kilisema hana, kwa sababu alikuwa ameambukizwa karibuni na kinga yake ilikuwa haijajionyesha. Taarifa iliyochapishwa 1992 ilieleza kwamba waliopewa viungo vyake wote wanne waliambukizwa, na waliopewa mfupa mbichi uliogandishwa tu wote watatu waliambukizwa pia. Waliopewa mifupa yake iliyosafishwa kwa ethanoli hawakuonekana na virusi.

Ungedhani somo lile lilitosha. Mwaka 2021, huko Marekani tena, zaidi ya wagonjwa 100, wengi wao wa upasuaji wa uti wa mgongo, walipandikizwa bidhaa ya mfupa kutoka kwa mtu mmoja aliyekuwa na kifua kikuu. Bidhaa hiyo ilisifiwa kwa kuwa na seli hai ndani yake. Kwa sababu hiyo hiyo haikuweza kupigwa mionzi wala kuchemshwa. Wengi wa wagonjwa wale walipata maambukizi ya kifua kikuu, wengine kwenye uti wenyewe. Mwaka 2023 ikatokea tena, kwa kiwango kidogo. Simtishi mtu, mifupa iliyokaushwa na kusafishwa ina rekodi nzuri ya usalama na hutumika kwa maelfu. Ila mtu akikwambia kipandikizi chake kina "seli hai za mtu mwingine" kana kwamba hiyo ni sifa tupu, una haki ya kuinua nyusi.

Kwa hospitali zetu nyingi, benki ya mifupa inakwama kwenye jambo la kawaida zaidi ya hayo: umeme. Jokofu la nyuzi 80 chini ya sifuri halisamehe mgao.

Mfupa wa mnyama una historia ya ajabu zaidi. Kitabu cha mpasuaji wa Uholanzi Job van Meekeren, kilichochapishwa 1668, kinasimulia juu ya bwana mmoja wa Urusi aliyepasuliwa fuvu kwa upanga, akazibwa kwa kipande cha fuvu la mbwa. Akapona. Kanisa likamtenga kwa kuwa na mfupa wa mbwa kichwani, na alipoomba utolewe ili apokewe tena, ukaonekana umeshika, hautoki. Kama kisa kilitokea kama kilivyosimuliwa au la, kinaonyesha kwamba suala la dini na kipandikizi ni la zamani kuliko tunavyofikiri.

Siku hizi mnyama mkuu ni ng'ombe, na mahali pake pakuu ni kwa daktari wa meno. Ukitaka kuwekewa jino bandia la kuchomekwa kwenye taya na mfupa wa taya umeshaliwa, daktari hujaza shimo kwa chengachenga nyeupe zinazofanana na chumvi ya mawe. Ni mfupa wa ng'ombe uliochomwa na kusafishwa hadi protini zote zikaisha, ukabaki ule mfumo wa madini tu. Ni mirunda mitupu, lakini mirunda mizuri, inayodumu miaka, na kwa taya kudumu huko kunafaa. Bidhaa nyingine, hasa tando za kufunikia chengachenga hizo, hutokana na nguruwe. Wanazuoni wengi wa Kiislamu huruhusu kwa darura pale ambapo hakuna badala yake, na mara nyingi badala ipo. Tatizo ni kwamba mgonjwa haambiwi na haulizi. Muulize daktari wako chanzo cha kile anachokujazia; huandikwa kwenye boksi.

Tumefika kwenye vitu vya kutengenezwa, na hapa nitakwenda mbio kidogo kwa sababu majina ni mengi kuliko tofauti zake.

Cha kwanza kabisa ni plasta, ileile ya hogo la kufungia mfupa uliovunjika. Mwaka 1892 Mjerumani Dreesmann alieleza jinsi alivyojaza mashimo ya mifupa yaliyochimbwa na kifua kikuu kwa plasta iliyochanganywa na dawa ya kuua vijidudu. Plasta safi ya hospitali bado inatumika hivyo, imekuwa vidonge vidogo vinavyobeba antibiotiki moja kwa moja hadi penye usaha. Mwili huiyeyusha kwa wiki sita hadi kumi na mbili, mara nyingine upesi kuliko mfupa unavyoota. Pia huweza kutoa majimaji meupe kidondani yanayomfanya muuguzi aandike "usaha" wakati si usaha.

Baada yake kuna familia ya kalsiamu na fosfeti, madini yaleyale yanayofanya mfupa kuwa mgumu. Moja, haidroksiapataiti, hukaa miaka mingi bila kuyeyuka. Nyingine, trikalsiamu fosfeti, huyeyuka ndani ya miezi hadi mwaka au miwili. Viwanda huzichanganya ili kupata mwendo wa katikati. Kuna pia kioo. Mtafiti Larry Hench wa Florida alikuwa kwenye basi mwaka 1967 akielekea mkutanoni alipokaa na kanali wa jeshi aliyetoka Vietnam. Kanali akamuuliza kama anaweza kutengeneza kitu ambacho mwili hautakikataa. Mwaka 1969 Hench alipata kioo chenye silika, sodiamu, kalsiamu na fosforasi ambacho kiling'ang'ania kwenye mfupa hata hakivutiki. Kioo cha ukoo huo sasa hujazwa kwenye mifupa yenye usaha sugu, kwa sababu kinapoyeyuka hufanya mazingira yake yasikalike na bakteria.

Lakini kinachonifurahisha mimi, mtu wa pwani, ni matumbawe. Mwaka 1974 watafiti wa Pennsylvania walionyesha kwamba mifupa ya matumbawe, ambayo ni chokaa, inaweza kugeuzwa kwa joto na mgandamizo kuwa haidroksiapataiti bila kupoteza vitundu vyake. Na vitundu ndiyo siri yote. Mshipa wa damu unataka tundu lenye upana usiopungua mikroni 100 hivi (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita) ili upite na seli zake. Matumbawe ya Porites yana vitundu vya mikroni 200 hivi, vilivyoungana kimoja hadi kingine kama vyumba vya nyumba isiyo na milango. Ni jamii ileile ya matumbawe ambayo mafundi wa Uswahilini waliivua baharini, wakaichonga ikiwa bado mbichi na laini, wakafanyia mihrabu na miimo ya milango. Nilipogusa mihrabu ya Kizimkazi sikujua kwamba naligusa jiwe ambalo mtu mwingine analo ndani ya paja.

Bado hatujamgusa msimamizi mwenye simu. Mwaka 1965 Marshall Urist wa Los Angeles alichukua mfupa, akautoa madini yake yote kwa asidi hadi ukabaki kama mpira, akaupanda ndani ya msuli wa sungura. Ndani ya msuli, mahali pasipohusu mfupa kabisa, mfupa ukaota. Kwa hiyo kulikuwa na kitu ndani kinachotoa amri. Kitu hicho ni kundi la protini linaloitwa BMP. Mfupa uliotolewa madini, wenye mabaki ya protini hizo, huuzwa leo ukiwa kama ugoro wa maji au udongo wa kufinyanga. Nguvu yake hutofautiana sana kati ya mfupa wa mtu mmoja na wa mwingine.

Baadaye protini yenyewe ikatengenezwa maabara, na mwaka 2002 Marekani ikaidhinisha BMP-2 kwa kuunganisha pingili za chini za uti wa mgongo. Ilikuwa kama kuwapigia simu mafundi wote wa mji kwa wakati mmoja. Dozi ilizidi kwa mbali kile mwili hutengeneza wenyewe. Madaktari walipoitumia shingoni, ambako haikuidhinishwa, baadhi ya wagonjwa walivimba hadi njia ya hewa ikabanwa, na mwaka 2008 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo. Inafanya kazi, hilo halibishaniwi. Ila gharama yake ni maelfu ya dola, na kwa mpwa wangu kijiko cha chicha nyekundu kutoka kiunoni kilikuwa na simu yake tayari, bure.

Nimesema pengo lake lilikuwa vidole viwili, na mahali palipowahi kuoza. Ukimwaga punje za mfupa kwenye shimo kama hilo, misuli huzinywa na usaha ukirudi huzimaliza. Kwa hiyo walimfanyia kwa awamu mbili, mbinu ya Mfaransa Alain-Charles Masquelet aliyoianza miaka ya 1980. Awamu ya kwanza waliziba pengo kwa simiti ya upasuaji iliyochanganywa na antibiotiki, jamaa ya plastiki inayotengenezewa meno bandia. Simiti haigeuki mfupa. Kazi yake ni kuudhi. Mwili ukiona kitu kigeni hukifunika kwa utando, na utando huu huwa na mishipa ya damu na hizo protini za wito. Baada ya wiki sita hadi nane waliufungua utando kama mfuko, wakatoa simiti, wakajaza chicha za kiunoni, wakashona. Haina hadubini, haina jokofu, na simiti ipo katika hospitali nyingi za mifupa. Kwa maoni yangu, katika yote niliyoyataja, hakuna mbinu inayotufaa zaidi sisi.

Alikatazwa sigara, maana nikotini hubana mishipa ileile inayotarajiwa kujipenyeza. Aliikubali amri hiyo kwa shingo upande. Wiki mbili za kwanza alilalamikia kiuno tu, mguu hakuutaja.

Mwezi wa tatu tulirudi na eksirei mpya. Bibi akaiomba, akaiinua dirishani, akaigeuza, akaigeuza tena. Pale palipokuwa na pengo jeusi sasa palikuwa na kiwingu cha kijivu, kingo zake hazieleweki.

"Mbona naona moshi tu?"

"Ndiyo wenyewe, bibi," daktari akasema. "Huanza hivyo. Magongo ya kutembelea asiyaache bado."